Anayelipwa wa kwanza: hatifungani ya Kinshasa na mshahara wa mwalimu wa Katuba

Serikali ya Kinshasa imetangaza nia ya kuuza hatifungani za dola, yaani hati za mkopo zenye riba na tarehe ya kulipwa, kwenye soko la kimataifa, na hapa Lubumbashi habari hiyo imegawa watu. Wapo wanaoiona kama cheti cha heshima: wenye feza wa London na New York wanatuamini, na deni letu ni dogo, chini ya robo ya pato la taifa, hivyo nafasi ya kukopa tunayo. Wapo wanaosema deni ndilo lililomaliza dawa hospitalini na madawati shuleni, na kila mkopo mpya utazidisha. Pande zote mbili zinapima ukubwa wa deni. Mimi nasema kuna jambo la kuuliza kabla ya hilo: mwezi feza za Leta, yaani serikali, zikiwa kidogo, nani analipwa wa kwanza na nani anaambiwa angoje? Hapo ndipo deni linapokutana na shule na kituo cha afya. Mwenye hatifungani analipwa tarehe yake, mwalimu wa Katuba hapa Lubumbashi anangoja, na inakuwa hivyo hata deni likiwa dogo. Utaratibu huo usipobadilishwa kwa sheria, kukopa zaidi kutatuumiza, na kusamehewa hakutatuponya.

Tuanze na hoja ya deni dogo, maana ndiyo inayorudiwa sana na viongozi, na si ya uongo. FMI, Shirika la Fedha la Kimataifa, yenyewe inaweka hatari ya deni letu katika ngazi ya kati, wakati baadhi ya majirani zetu wamekwisha kushindwa kulipa. Shida iko kwenye kipimo. Pato la taifa linahesabu kila tani ya shaba inayopita mpaka wa Kasumbalesa kwenye malori, pamoja na faida inayoondoka nayo. Deni halilipwi kwa pato hilo. Linalipwa kwa feza ambazo Leta imezikusanya kweli, yaani kodi, ushuru wa forodha na mrabaha wa madini (malipo ya kampuni kwa madini inayoyachimba), na hizo ni karibu sehemu moja ya saba ya pato lenyewe. Chukua deni la asilimia 20 ya pato. Katika nchi ambayo serikali inakusanya theluthi moja ya pato, deni hilo ni mapato ya miezi saba. Kwetu ni mapato ya karibu mwaka mmoja na nusu. Asilimia ni ileile, mzigo ni zaidi ya mara mbili. Tena deni la nje linalipwa kwa dola na mishahara ya watumishi wa Leta inapangwa kwa franga. Franga ikishuka, deni linapanda bila mtu kukopa hata dola moja mpya, na anayebeba pengo hilo ni yule ambaye hana dola.

Sisi wa Katanga tungepaswa kuelewa jambo hili mapema kuliko wengine, kwa sababu moja ya madeni makubwa ya nchi hii ilichukuliwa kwa ajili ya migodi yetu. Laini ya umeme ya kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, ile iliyoitwa Inga-Shaba, ina urefu wa kilomita karibu 1,700. Ilijengwa wakati wa Mobutu kwa mikopo ya nje, ikamalizika mwaka 1982 baada ya gharama kupanda kupita makadirio, na inapita juu ya vijiji vingi ambavyo mpaka leo havina balbu. Iliamuliwa wakati bei ya shaba iko juu. Bei ilianguka katikati ya miaka ya 1970, laini ikiwa bado inajengwa, na Zaïre ikajikuta inaomba wadai wake wa Klabu ya Paris wapange upya malipo. Miaka ya 1980 ikawa ya marekebisho chini ya FMI na Benki ya Dunia: wadai walikaa mezani na waziri, na walimu wakapunguzwa kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Leta ilikuwa imeacha kabisa kumlipa mwalimu mshahara wa kuishi, na wazazi wakaanza kumchangia kwa ile tuliyoizoea kwa jina la prime. Mtoto ambaye mzazi wake hakuwa na prime alirudishwa nyumbani. Iliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 25, mpaka gratuité, yaani shule ya msingi bila ada, ya mwaka 2019. Deni halikuwa sababu pekee, maana wizi wa utawala ule unajulikana na mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990 ukavuta Gécamines, kampuni ya madini ya Leta, chini. Lakini ukiuliza mzazi wa Ruashi alikuwa analipa nini miaka hiyo, sehemu ya jibu ni kwamba alikuwa anajaza nafasi ya feza ambazo Leta ilikuwa imekwisha kuziahidi kwingine.

Habari ya madeni ya umeme haikuishia hapo, na sehemu iliyofuata ndiyo ningependa kila mkazi wa Lubumbashi aijue. Kati ya waliofanya kazi za umeme kwa mkopo alikuwemo mkandarasi wa Yugoslavia, Energoinvest. Hakulipwa yote. Mwaka 2003 usuluhishi wa kimataifa uliamua kwamba Kongo inadaiwa. Mwaka uliofuata haki ya kudai ikanunuliwa na mfuko wa uwekezaji wa Marekani, FG Hemisphere, ambao haukuwahi kusimamisha hata nguzo moja ya umeme katika nchi hii. Pamoja na riba, dai lilifika dola milioni 100. Mfuko huo ulikwenda mahakamani Hong Kong kujaribu kukamata feza ambazo makampuni ya China yalitakiwa kuilipa Kongo kwa ajili ya mgodi, ukashindwa mwaka 2011. Ukaenda pia kisiwani Jersey, na huko ulitaka hisa za Gécamines katika kampuni inayochakata terril. Ndiyo, ile terril yetu, mlima mweusi wa mabaki ya shaba ulio karibu na bomba la moshi, ambao kila mtoto wa Lubumbashi anauchora anapoambiwa achore mji wake. Kesi ilifika hadi Baraza la Faragha la London, na mwezi wa saba mwaka 2012 majaji wakasema Gécamines ni kitu mbali na Leta, hivyo mali yake haiwezi kuchukuliwa kulipa deni la Leta. Tulipona kwa hoja ya kisheria. Deni la miaka ya 1980 lilikuwa limevuka bahari, likabadilisha mmiliki, likarudi miaka 30 baadaye kugonga mlango wa mji huu.

Sasa mweke mwalimu wa N.U. pembeni ya mfuko ule. N.U., kwa msomaji wa nje ya Kongo, ni nouvelle unité: mwalimu aliyeajiriwa, anafundisha, ana darasa la watoto wengi kupita kiasi, lakini jina lake halijaingia kwenye orodha ya malipo ya Kinshasa. Wapo wanaofundisha hivyo miaka kadhaa. Wapo wauguzi wenye matricule, yaani namba ya utumishi, ambao mshahara wao haujawahi kufika, wanaishi kwa posho ya hatari pale inapotoka na kwa mgawo wa ada anazolipa mgonjwa. Hao nao wanaidai Leta. Hakuna mahakama ya Jersey itakayowasikiliza, hakuna mfuko utakaonunua dai lao, na hakuna wakala wa London atakayeshusha alama ya nchi kwa sababu mkunga wa Kampemba hajalipwa miezi mitano. Mkopeshaji akicheleweshwa siku 30, dunia nzima inaambiwa kwamba Kongo imeanguka. Mwalimu akicheleweshwa mwaka mzima, tunaambiwa tuwe na subira. Waziri yeyote wa feza, hata mwenye moyo mzuri, akikaa mbele ya hundi mbili na feza ya hundi moja, atalipa ile yenye adhabu. Ndivyo deni linavyoingia hospitalini: huwezi kuliona kwenye sheria ya bajeti iliyopigiwa kura, unaliona kwenye tofauti kati ya bajeti iliyopigiwa kura na feza zilizotoka.

Nawaelewa wanaotaka madeni ya Afrika yafutwe, na takwimu ziko upande wao. Shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo limehesabu kwamba watu bilioni 3.4 wanaishi katika nchi zinazotumia feza nyingi zaidi kulipa riba kuliko kwenye afya au kwenye elimu. Wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti zao itakwenda kwenye afya, na ni wachache sana waliowahi kufika. Lakini sisi Wakongomani tumewahi kusamehewa, na tulichokiona kinatupasa kusema kwa uangalifu. Julai 2010 FMI na Benki ya Dunia zilitangaza msamaha wa dola bilioni 12.3 kwa nchi yetu. Nani hapa Lubumbashi anaweza kuonyesha wodi iliyofunguka kwa sababu hiyo? Sababu moja ni kwamba sehemu kubwa ya deni lile ilikuwa imekaa miaka mingi bila kulipwa. Ulipofuta deni ambalo halikuwa linalipwa, ulifuta namba kwenye karatasi, na feza mpya iliyobaki mkononi ilikuwa kidogo kuliko tangazo. Sababu ya pili ni kwamba hata kile kidogo kilichobaki hakikuwa na njia ya kisheria ya kufika kituo cha afya. Kiliingia hazina kuu, na huko kikakuta taasisi, jeshi na safari za kikazi vimekwisha kutangulia. Msamaha uliondoa mdai mmoja mbele ya mwalimu. Nafasi ile ikachukuliwa na mwingine.

Zambia inatufundisha zaidi, na wengi wetu tunaiona kwa macho yetu, maana unga wa bukari (ugali) yetu unatoka kule. Iliuza hatifungani tatu, mwaka 2012, 2014 na 2015, jumla ya dola bilioni 3. Ya kwanza ilipata riba ya asilimia 5.6 na wanunuzi waligombania. Ya tatu ilipita asilimia 9, shaba ikiwa imeshuka. Wakati bajeti ya 2021 inaandaliwa, malipo ya madeni yalizidi elimu na afya zikijumlishwa pamoja. Novemba 2020 Lusaka ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuanguka wakati wa janga la korona. Kisha likatokea jambo ambalo wanaopinga madeni wanalitaja kwa haki: mwaka 2022, nchi ikiwa bado haiwalipi wenye hatifungani, serikali ya rais Hichilema iliondoa ada za shule za serikali na kuajiri walimu zaidi ya 30,000 pamoja na watumishi wa afya zaidi ya 11,000. Mdai wa mbele aliposimamishwa, wa nyuma wakafikiwa. Hata hivyo bei ya kuanguka nayo ilikuwepo. Mikopo ambayo ilikuwa haijatolewa ilifutwa, na barabara pana ya Lusaka hadi Ndola, ile wanayoitumia wafanyabiashara wetu, ilisimama mpaka ikakabidhiwa kwa wawekezaji watakaojirudishia feza kwa ushuru wa barabarani. Makubaliano na wadai wote wakubwa yalichukua karibu miaka minne. Kwa hiyo mimi sisemi tusilipe. Nasema Zambia ilipanga upya foleni ikiwa imekwisha kuanguka, na sisi tuna nafasi ya kuipanga tukiwa bado tumesimama.

Kenya ilionyesha kitu hichohicho bila kuanguka. Februari 2024 ilikopa dola bilioni 1.5 kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 ili kupata feza za kulipa hatifungani iliyokuwa inaiva mwezi wa sita. Soko likapiga makofi. Mwezi uliofuata madaktari waligoma, wakabaki kwenye mgomo mpaka Mei, na moja ya sababu kubwa ilikuwa madaktari wanagenzi ambao serikali ilisema haina uwezo wa kuwalipa kiwango kilichokubaliwa. Feza ya mwenye hatifungani ilitafutwa mpaka ikapatikana. Juni vijana wakajaa barabarani kupinga kodi mpya.

Hoja dhaifu kuliko zote ninayoisikia mjini ni hii: kwamba mikopo ya kubadilishana madini na miundombinu si deni, kwa sababu Mchina anajilipa mwenyewe kutoka mgodini na hazina haitoi kitu. Sicomines ya Kolwezi, ubia wa makampuni ya China na Gécamines, ndiyo mfano unaotolewa. Mkataba wa 2008 uliahidi dola bilioni 6 za miundombinu, FMI ikabana, zikabaki bilioni 3. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ukatangaza kwamba zilizotumika kweli kwenye miundombinu ni dola milioni 822, baada ya miaka 15. Wakati wote huo mradi ulisamehewa kodi mpaka mikopo yake irudishwe. Kodi iliyosamehewa ni feza ambayo ingeingia hazina na haikuingia. Kwa mwalimu, feza iliyotoka kulipa riba na feza ambayo haikuingia kwa sababu ya msamaha zina matokeo mamoja. Machi 2024 mkataba ulirekebishwa, sasa unasema dola bilioni 7, kwa malipo ya milioni 324 kila mwaka mpaka 2040, ila tu bei ya shaba ikibaki juu ya dola 8,000 kwa tani. Ni bora kuliko ule wa zamani, nakubali. Lakini soma sharti lile tena ukikumbuka Inga-Shaba. Shaba ikianguka, barabara zinasimama mwaka uleule ambao mapato ya Leta nayo yanapungua. Hilo ni deni ambalo hatari yake tumeibeba sisi, na kwa sababu halipiti kwenye bajeti, hakuna mbunge anayeliona likitangulia mbele ya shule.

Upande wa kukopa una hoja yenye nguvu ambayo wapinzani wanaikwepa: kuna deni lililoleta huduma. Gratuité ilihitaji feza za nje ili idumu. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kuisaidia, kwa masharti laini ya miaka mingi, na mamilioni ya watoto waliingia shule. Vita ya mashariki nayo si kisingizio. Goma ilianguka mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, mapato ya huko yakapotea, na gharama za ulinzi zikapanda. Leta isiyokopa katika hali hiyo itakata wapi? Itakata kwa mwalimu. Nakubali yote hayo, na ndiyo maana siko pamoja na wanaosema tusikope kabisa. Lakini mkopo wa Benki ya Dunia wa miaka mingi kwa ajili ya shule na hatifungani ya riba kubwa ya miaka michache ni vitu viwili tofauti. Wa kwanza unakuja na jina la kazi yake. Ya pili inaingia hazina bila jina, tarehe zake hazisogei, na inahitaji mradi unaozalisha dola haraka. Anayetuambia kwamba itajenga barabara atuonyeshe dola za kuilipa zitatoka wapi katika mwaka ambao shaba imeshuka.

Waswahili tunasema dawa ya deni ni kulipa, na wakubwa wanapenda kuitumia methali hiyo wakizungumza na wadai wa nje. Basi itumike yote. Mshahara wa N.U. ambao haujalipwa ni deni la Leta. Ada za mama waliojifungua chini ya mpango wa uzazi wa bure ulioanza 2023, ambazo kituo cha afya kinangoja kurudishiwa, ni deni la Leta. Yasipoandikwa kwenye orodha ya deni la taifa, nchi itaendelea kuonekana mdaiwa mwema kwa kuwakopa kimyakimya watu wake maskini zaidi, bila riba na bila kuwaomba ruhusa. Kuyaandika kutapandisha ile asilimia ambayo wakubwa wanaipenda kwa udogo wake. Ipande tu, wanunuzi wa hatifungani nao wajue wanaingia kwenye foleni yenye watu waliotangulia.

Na njia ya kuwatanguliza watu hao ipo, tumekwisha kuijaribu. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, iliagiza asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki mikoani kwa kukatwa palepale yanapokusanywa. Haijatekelezwa, kwa sababu feza inapita Kinshasa kwanza na inarudi ikiwa imepungua na imechelewa. Sheria ya madini (Code minier) ya 2018 ilikwenda njia nyingine: asilimia 25 ya mrabaha kwa mkoa na 15 kwa sekta, usultani au mji ulio na mgodi, zinalipwa moja kwa moja na kampuni bila kupita hazina kuu. Zinavyotumika baada ya kufika kuna mengi ya kusema, na watu wa Lualaba wanayasema. Lakini zinafika. Tofauti kati ya kifungu kile na sheria hii ni nani anaishika feza kwanza. Ile asilimia 50 ya mrabaha inayokwenda serikali kuu inaweza kupitishwa vivyo hivyo, sehemu yake iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mishahara ya shule za msingi na zone za afya, nchi nzima, kabla mdai yeyote hajaigusa, na sharti hilo liandikwe kwenye waraka watakaousoma wanunuzi wa hatifungani. Watataka riba zaidi kidogo, bila shaka. Lakini waliokopesha Zambia waliambiwa ukweli mwaka 2020 wakiwa wamekwisha kutoa feza zao, na nadhani wengi wangependa kuambiwa mwaka 2012. Kikao cha bajeti kinafunguliwa Kinshasa kila mwezi wa tisa. Mrabaha mkubwa unatoka Haut-Katanga na Lualaba, kwa hiyo wabunge na maseneta wa mikoa hii miwili ndio wanaopaswa kuweka kifungu hicho mezani, pamoja na jedwali linaloonyesha, mwezi kwa mwezi, tarehe za kulipa hatifungani na mishahara ya N.U. ambayo bado haijalipwa, na kukataa kupiga kura mpaka jedwali hilo liwe limejazwa.